PIKIPIKI YA CHINA KATIKA NJIA YA MLIMA



Ukitoka Ngagara, kwenye tambarare karibu na Ziwa Tanganyika, njia hupanda hadi milima ya zaidi ya mita 2,000. Huko pikipiki hubeba wagonjwa na magunia. Nyingi za China za cc 125 zina injini iliyoigwa kwa Honda CG125 ya mwaka 1976. Ni rahisi kutengeneza, lakini inataka kutunzwa.

1. Ikiwa mpya, kaza nati na spoki zote baada ya siku chache, kwani mtikisiko huzilegeza. Mwaga oili ya kwanza mapema; ina unga wa chuma.

2. Kila asubuhi kagua oili, breki na matairi.

3. Kila wiki safisha chujio la hewa. Vumbi likipita hula pistoni na silinda. Mnyororo ucheze sentimita 2 hadi 3.

4. Kwa milima, funga sproketi ya mbele yenye jino moja pungufu. Nguvu huongezeka, mwendo hupungua. Usitoboe ekzosi, kelele si nguvu.

5. Ukiteremka, usizime injini ili kuokoa mafuta. Acha gia ndogo ikusaidie, la sivyo breki hupata moto na kushindwa.

Kumbuka: kukaza nati ni kazi ya dakika moja. Breki ikikosekana mteremkoni, ni uhai wa mtu.