Je, Wajua? Nambari za Oili ya Injini

Je, wajua ya kwamba nambari ya kwanza iliyoandikwa juu ya galoni la oili, tuseme 5W-30, yahusu baridi wala si joto, kwani herufi W ni alama ya majira ya baridi kali, kwa mujibu wa vipimo vya SAE, jumuiya ya wahandisi wa magari iliyoasisiwa Marekani mwaka 1905? Nambari ya pili ndiyo ielezayo uzito wa oili ikisha kupata moto wa sentigredi 100.

Wengi wetu wa pwani, kwa kudhani ya kuwa jua letu lataka oili nzito, humimina 20W-50 katika injini mpya ambayo kitabu chake chaamuru 0W-20, ilhali themostati huiweka injini iliyokwisha kupata moto katika joto lililo karibu sawa, iwe Tanga ama Tokyo. Nayo oili nzito, gari liwashwapo alfajiri, huchelewa kupenya vijia vyembamba na kuifikia kemshafti, na katika nukta hizo chache chuma husagana na chuma pasipo kinga ya kutosha. Ama injini kuukuu, iliyolika na kupungua shinikizo la oili, fundi stadi aweza kwa haki kuipandisha daraja moja, maadamu kitabu chake charuhusu.