Jua na Nyota ya Nge

Mtu wa Mkotokuyana aanikaye mihogo huona ya kuwa jua lina nguvu kupita nyota zote. Lakini macho hayasemi yote, kwa maana jua li karibu na nyota zi mbali. Taa ndogo iliyo mkononi humwangaza mtu kuliko moto mkubwa uunguzao pori la mbali.

Tena iko miale isiyoonekana, iitwayo eksirei, ambayo waganga huitumia kupigia picha mifupa. Miale hiyo hutoka mbinguni pia, lakini hewa huizuia isifike chini. Basi atakaye kuipima hana budi kupeleka vyombo juu ya hewa.

Mwaka 1949 vyombo vilivyorushwa kwa roketi huko Marekani vilipima eksirei za jua, zikaonekana ni chache mno. Nguvu za jua zikigawanywa mafungu 1,000,000, eksirei ni kama fungu moja tu. Kwa hiyo ilidhaniwa ya kuwa eksirei za nyota nyingine, kwa ajili ya umbali wake, hazitapimika. Mwaka 1962 Riccardo Giacconi na wenzake walirusha roketi kutafuta eksirei za mwezi. Hawakuzipata, wakakuta eksirei kali zitokazo upande wa kundi la nyota liitwalo Nge.

Baadaye Wamarekani walitengeneza setilaiti ya kutafuta eksirei mbinguni pote. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, nayo setilaiti ikaitwa Uhuru. Ilifanya kazi mpaka 1973, na kwa vipimo vyake pakaorodheshwa mahali 339 patokapo eksirei.

Nuru ya jua hutufikia kwa dakika 8. Ya ile nyota ya Nge husafiri miaka kama 9,000. Umbali huo ukihesabiwa, yaonekana ya kuwa eksirei za nyota ile peke yake zapita nguvu zote za jua mara elfu nyingi, ijapokuwa macho matupu hayaioni. Sababu yake ni hii: ni nyota mbili zizungukanazo. Moja ni ndogo sana, lakini nzito kuliko jua. Huvuta gesi ya mwenziwe, na gesi ile ikianguka kwa kasi hupata joto la digrii milioni nyingi, ikatoa eksirei.

Basi uchache wa eksirei za jua si upungufu. Kwa nuru yake tulivu mimea huota. Naye atakaye kulinganisha nguvu za vitu viwili, na apime kwanza umbali wa kila kimoja.