"Sijui Bado" Siyo "Mimi ni Mjinga"

Unasoma gazeti hili mwenyewe. Hebu kumbuka siku ya kwanza ulipoingia katika darasa la kisomo. Ulishika kalamu, mkono ukatetemeka. Pengine ulisema moyoni, "Mimi siwezi." Leo tuzungumze juu ya neno hilo. Limewatoa watu wengi darasani.

HABARI YA MAMA MMOJA

Mimi ni Bwana Shamba. Katika kijiji kimoja ninachohudumia, mama mmoja aliacha kisomo baada ya wiki tatu. Alishindwa kuandika jina lake ubaoni, na baadhi ya wenzake wakacheka. Nilipomtembelea shambani aliniambia, "Bwana Shamba, niache. Kichwa changu ni kigumu. Mimi ni mjinga tangu kuzaliwa."

Siku hiyo alikuwa akipanda mahindi kwa kamba. Kamba yake ilikuwa na mafundo 50. Kutoka fundo hadi fundo ni sentimita 30. Kutoka mstari hadi mstari ni sentimita 75. Kila penye fundo alichimba shimo. Nikamwuliza, "Mama, mistari 10 ina mashimo mangapi?" Hakungoja. Alijibu, "Mia tano. Na kila shimo mbegu mbili, basi mbegu elfu moja."

Nikachukua kijiti, nikaandika kwenye udongo: 500. Nikamwambia, "Hesabu ni yako, mama. Mimi nimeiandika tu."

Akaitazama. Akachukua kijiti, akaandika 5, akaandika 0. Kisha akauendea mfuko wa mbolea, akaweka kidole juu ya namba ya kilo: 50. "Kumbe ni hii!" alisema.

Wiki iliyofuata alirudi darasani. Hata sasa maneno marefu humsumbua. Lakini akiuza mahindi, husoma mizani mwenyewe. Zamani alikubali kilo zozote alizotajiwa.

MASWALI MAWILI

Mwanafunzi hujiuliza maswali mawili. La kwanza ni hili: "Je, nitaiweza kazi hii?" La pili: "Je, mimi ni mtu wa namna gani?"

Maswali haya yanahusiana, lakini si mamoja. La kwanza ni la kazi moja. Unaweza kuamini kwamba utaweza hesabu, lakini ukaogopa kuandika barua. La pili ni la nafsi yako nzima, jinsi unavyojiona.

Mama yule aliyachanganya. Alishindwa kazi moja, siku moja, akajipa jina la maisha yake yote. Mtu akijiita mjinga, hajaribu. Asipojaribu, hajifunzi. Asipojifunza, husema, "Mnaona? Niliwaambia."

Lakini akifaulu kazi ndogo, huthubutu kujaribu nyingine. Kidogo kidogo, jinsi anavyojiona hubadilika.

IMANI HIYO HUTOKA WAPI?

Mtaalamu Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, aliandika juu ya jambo hili mwaka 1977. Alitaja mambo manne yanayompa mtu imani kwamba ataiweza kazi:

1. Kuifanya kazi yenyewe na kufaulu. Hili lina nguvu kuliko yote.
2. Kumwona mtu kama wewe akifaulu.
3. Kutiwa moyo na mtu unayemwamini.
4. Hali ya mwili na moyo. Mkono ukitetemeka, mtu hudhani hawezi, kumbe ana woga tu.

Hata hivyo, tusidanganyane. Imani peke yake haifundishi kusoma. Mvua nayo haileti mahindi katika shamba lisilopandwa.

TUFANYE NINI?

Wewe unayejifunza: anza na neno fupi, kisha ongeza. Usiseme, "Siwezi kusoma." Sema, "Neno hili sijalijua bado."

Wewe mwalimu: usimharakishe ubaoni mtu mwenye woga. Mpe kwanza kazi anayoiweza. Usimsifu kwa uongo. Mwonyeshe hasa alichofanya vizuri.

Wewe mume, mke au mtoto: usimcheke anayejifunza. Mwachie nafasi na taa ya kusomea.

Mwaka 1967, hapa Tanzania, watu wazima karibu 67 katika kila 100 hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Madarasa yakafunguliwa, mengine chini ya miti. Kufikia mwaka 1986, wasiojua walikuwa kama 10 tu katika kila 100. Watu wale hawakubadilishiwa vichwa. Walipata mwalimu, kalamu, na nafasi ya kujaribu.

Ndugu msomaji, je, yuko jirani yako aliyeacha kisomo? Mpelekee gazeti hili. Tafuteni humu neno moja au namba moja anayoijua. Anzeni hapo.