Istilahi za Breki: Kufunga Silinda Kuu katika Pikapu ya Zamani

Hivi karibuni niliombwa kuhakiki istilahi za rasimu ya kijitabu cha mafundi. Kilieleza jinsi ya kufunga silinda kuu ya breki katika pikapu ya Kimarekani inayofufuliwa. Maneno yote yalikuwa ya Kiswahili, lakini fundi ambaye angeyafuata neno kwa neno angeliingiza barabarani gari lisilosimama.

Tuanze na mafuta ya breki. Ndivyo wasemavyo watu gerejini, nami sikusudii kuwanyang'anya neno lao. Ila rasimu iliagiza tu "jaza mafuta". Kinachotiwa humo, kikiwa cha daraja la DOT 3 au DOT 4, kwa kawaida hutengenezwa kwa glikoli, wala si oili. Fundi akitia oili ya injini, mipira ya pistoni huvimba na breki huharibika. Katika maandishi ni bora tuseme kiowevu cha breki. Na anayependa mafuta ya breki asilikate jina hilo katikati. Kiowevu hicho hunywa unyevu wa hewani. DOT 3 iliyo mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanywa unyevu kima hicho hushuka hadi 140. Tena hubambua rangi, jambo la kumsikitisha aliyekwisha lipaka gari lake.

Silinda kuu, ambayo mafundi huiita masta silinda, haielezi ukubwa wa umbo. Ni kuu kwa sababu msukumo wa kiowevu huanzia humo kwenda kwenye silinda za magurudumu. Yafaa kuongeza "ya breki", maana klachi nayo yaweza kuwa na yake.

Pikapu nyingi za Marekani za kabla ya 1967 zilikuwa na silinda kuu yenye chumba kimoja, hivyo uvujaji mmoja uliweza kuondoa breki zote. Wanaozifufua hupenda kufunga ile ya vyumba viwili. Hapo mfasiri aliandika "pistoni ya msingi" na "pistoni ya upili", kana kwamba ni shule. Pistoni ya kwanza, iliyo karibu na pedali, na pistoni ya pili yatosha.

"Kuitoa silinda damu" kulinichekesha. Gereji zina kutoa upepo, nasi hatuna haja ya kubuni jingine. Kabla ya kufungwa garini, silinda hubanwa kwenye jiliwa, ikatiwa kiowevu, na pistoni ikasukumwa polepole hadi mapovu yaishe.

Kosa kubwa kuliko yote lilijificha katika neno kulegea. Kati ya fimbo ya pedali na pistoni hutakiwa mwanya mdogo, ili pistoni irudi kikamilifu na kufungua tundu linalorudisha kiowevu chomboni. Mwanya usipokuwapo, msukumo hunaswa, breki hubaki zimeshika na kupata moto. Mfasiri aliuita mwanya huo "kulegea kwa fimbo", na kwa kuwa kulegea ni hitilafu, akaongeza kwa nia njema: "kaza hadi ulegevu uishe." Sentensi hiyo haikuwamo katika matini ya asili. Niliifuta, nikaandika mwanya, kisha nikamwomba fundi mmoja aisome rasimu nzima huku ameshika spana.