Prosesa ya seva ya nyumbani: anza na LUKU, siyo na idadi ya viini

Unataka kompyuta moja nyumbani ifanye kazi ya kompyuta tano. Moja itunze mafaili, moja ya kujifunzia Linux, moja ya hifadhidata ya utafiti wako, nyingine ya kujaribia mitandao bila kuharibu kitu cha mtu. Hizo ndizo mashine pepe: kompyuta zilizoundwa kwa programu, zinazoishi ndani ya kompyuta moja halisi. Hela yenyewe ni ya mawazo, na kila unayemuuliza anakuambia, "Tafuta prosesa yenye viini vingi."

Mimi niliufuata ushauri huo. Nikanunua seva ya mtumba yenye prosesa mbili za Xeon E5-2670, jumla viini 16. Haukuisha mwezi nikawa naizima kila usiku kwa sababu ya umeme. Sasa seva inayolala kama binadamu, hiyo ni seva gani? Nakuandikia ili wewe usilipie somo hilohilo.

Mwenye nyumba na wapangaji

Chukua mfano wa nyumba ya kupanga. Mwenye nyumba ni programu inayoitwa hipavaiza, kwa mfano KVM iliyomo ndani ya Linux. Wapangaji ni mashine pepe. Kila mpangaji ana mfumo endeshi wake, na kila mmoja anaamini nyumba yote ni yake. Kazi ya mwenye nyumba ni kuwaacha waamini hivyo huku akihakikisha hakuna anayeingia chumba cha mwenzake.

Tatizo ni kwamba mfumo endeshi umezoea kutoa amri za kibosi, zinazogusa mitambo ya kompyuta nzima. Mpangaji akitoa amri ya namna hiyo, prosesa inatakiwa imsimamishe na kumwita mwenye nyumba aamue. Sharti hilo liliandikwa na Gerald Popek na Robert Goldberg mwaka 1974. Kumbe prosesa za x86, familia ya zile zilizomo kwenye dekstopu na laptop nyingi tunazotumia, hazikulitimiza. Zilikuwa na amri kama POPF, ambayo ikitolewa na asiye na mamlaka haileti kelele yoyote: sehemu nyeti inapuuzwa kimyakimya na kazi inaendelea. Mpangaji anadhani ametii­wa, mwenye nyumba hana habari.

Mwaka 1999 VMware walitoa programu iliyopita njia ya pembeni, ikizitafsiri upya amri za mpangaji kabla hazijatekelezwa. Baadaye watengenezaji wa prosesa wenyewe wakaziba pengo: Intel kwa VT-x mwishoni mwa 2005, AMD kwa AMD-V mwaka 2006. Kwa hiyo kompyuta yoyote ya ofisini ya miaka kumi iliyopita utakayoikuta dukani, karibu hakika inayo. Hapo usipoteze usingizi.

Cha kuangalia kwa makini ni ndugu yake, VT-d (kwa AMD inaitwa AMD-Vi). Hii ndiyo inamruhusu mwenye nyumba kumkabidhi mpangaji mmoja kifaa halisi, mfano kadi ya mtandao, akitumie moja kwa moja bila kugusa kumbukumbu za wengine. Na hapa jina linaweza kukudanganya. Core i7-2600 ya mwaka 2011 inayo VT-d. I7-2600K, iliyouzwa ghali zaidi, haina. Herufi moja tu. Soma namba yote ya prosesa, usiishie kwenye "i7".

Bomba la uani na vyumba

Turudi kwenye ile nyumba. Viini vya prosesa ni kama bomba la uani. Wapangaji kumi wanaweza kutumia bomba mbili, kwa sababu hawachoti maji wote kwa wakati mmoja. Mashine pepe ziko hivyohivyo: muda mwingi zinasubiri. Ndiyo maana unaweza kugawa viini 12 vya pepe kwenye prosesa yenye viini vinne halisi na usione tatizo, mradi zisishike kazi nzito kwa pamoja.

RAM ni vyumba. Chumba chenye mtu kina mtu, hata kama amelala. Ukiipa mashine pepe GB 4 na ikazijaza, hizo zimeondoka. Hipavaiza inazo mbinu za kubana kidogo, lakini usijenge mipango juu yake. Kwa hiyo seva ya nyumbani kwa kawaida huishiwa RAM kabla ya kuishiwa viini. Kabla hujauliza prosesa ina viini vingapi, uliza inapokea RAM kiasi gani.

Sasa hesabu

Seva haizimwi. Mwezi una saa 720 hivi. Ile ya kwangu ilikula wati kama 100 ikiwa haifanyi kitu: 100 × 720 ni yuniti 72. Kompyuta ndogo ya ofisini niliyoihamia inakula kama wati 15 ikiwa imetulia: yuniti 10.8. Tukipiga kwa shilingi 350 kwa yuniti, ya kwanza ni 25,200 kwa mwezi, ya pili 3,780. Tofauti kwa mwaka ni shilingi 257,040.

Kuna na la pili. Kwenye bei za TANESCO zilizopangwa 2016, mteja wa D1 analipa shilingi 100 kwa yuniti 75 za kwanza, na 350 kwa kila inayozidi. Seva ya wati 100 inazimaliza karibu zote peke yake. Friji, feni na taa za familia zinahamia kwenye 350. Yaani unayelipia siyo wewe tu, ni nyumba nzima.

Angalizo: wati zinazoandikwa kwenye prosesa (115 kwa E5-2670, 35 kwa i5-8500T) ni za joto la kazini, siyo za mapumziko. Ikitulia, prosesa hulaza viini vyake na kushuka sana. Mlo wa seva kubwa ikiwa imepumzika unatokana pia na feni, vipande vingi vya RAM na bodi yenyewe. Umeme ukikatika nako, UPS ndogo itaibeba wati 15 muda mrefu kuliko wati 100.

Kwa hiyo ununue nini?

Kwa mashine pepe nne hadi nane za kawaida, ningetafuta kompyuta ndogo ya mtumba yenye i5-8500T: viini sita, VT-x na VT-d, nafasi mbili za RAM. Hela ikipungua, i5-6500T yenye viini vinne bado inafaa. Intel N100 inatumia umeme kidogo sana, ila Intel wenyewe wanaiandikia mwisho GB 16 za RAM, na vyumba umeshaona vinavyoisha. Xeon ya zamani ichukue kama kazi yako inakamua viini mchana kutwa, mfano kuendesha modeli za hali ya hewa, na umeme analipa mwingine.

Ukienda dukani beba flashi yenye Linux. Washa kompyuta kwa hiyo flashi, andika lscpu, tafuta mstari wa "Virtualization". Usipouona, ingia BIOS kwanza, mara nyingi imezimwa tu. Kisha hesabu nafasi za RAM, soma namba ya prosesa mpaka herufi ya mwisho, ndipo uanze kupatana bei.