Picha Isiyo na Sura ya Kitu

Kabla ya kuwapa shauri lolote, yanipasa kukiri kosa. Nilipokuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtoto mmoja wa kike aliniletea karatasi aliyoipaka nyekundu na buluu, na katikati doa la manjano. Nikamwuliza, "Hiki ni nini?" Akajibu, "Ni rangi tu, mwalimu." Nikamwambia, "Basi hujachora picha. Kachore nyumba." Akachora nyumba. Mwaka ule wote hakuniletea kitu kingine ila nyumba.

Nami ni mwana wa mshonaji mikeka! Tangu utoto wangu sikumwuliza mama hata siku moja mistari ile ya ukindu uliotiwa rangi ni mfano wa nini. Nilijua tu ya kuwa mkeka hupendeza kwa jinsi rangi zinavyofuatana. Mtoto alalaye juu ya mkeka amekwisha kulijua jambo hili kabla ya kuingia shuleni. Sisi walimu ndio tunaomsahaulisha.

Picha zisizoiga sura ya mtu wala kitu huitwa sanaa dhahania. Iliyo karibu nazo, niliyoiona kuwafaa wadogo kuliko zote, ni ya Henri Matisse wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1869. Mwaka 1941 alipasuliwa tumbo kwa ugonjwa wa saratani, akapona, lakini nguvu za kusimama zilimpungukia sana. Basi wasaidizi wake wakawa wakipaka karatasi rangi, naye akizikata kwa mkasi hali ameketi. Ndivyo alivyoitengeneza "Konokono" mwaka 1953, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Kila upande wake hukaribia mita 3, nayo yatunzwa katika jumba la Tate, London. Ndani yake hamna macho wala pembe. Mna vipande vikubwa vya kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, vimepangwa kwa kuzunguka kama lijikunjavyo gamba la konokono. (Watoto huipenda mno habari ya mzee mgonjwa na mkasi wake.)

Ninyi wazazi, msianze na picha hiyo. Mtafuteni konokono mwenyewe baada ya mvua, mtoto alifuatishe gamba lake kwa kidole mpaka katikati. Kisha mpeni karatasi za rangi azichane kwa mikono, azibandike kwa uji mzito wa unga wa muhogo. Penseli ifichwe, maana akiishika tu atachora nyumba. Ndipo mwonyesheni kazi ya Matisse, mkimwuliza: rangi ipi imekuita kwanza? Ipi imejificha?

Nilipofanya hivyo, mtoto wa miaka 6 alisema, "Konokono simwoni, ila naona anavyokwenda." Mwenziwe akasema ni mawe yanayoporomoka. Sikumsahihisha hata mmoja wao. Na kunyamaza huko, nawaambieni, ni kazi ngumu kwa mwalimu.

Yule mtoto wa kike sasa ni mama. Mwaka jana nilikwenda kwake kumwomba radhi. Akacheka sana, akaniambia hakumbuki neno lolote la habari ile. Tulipokuwa tukinywa chai, mwanawe akaja na karatasi, akamwuliza achore nini. Mama yake akamjibu pasipo kugeuka, "Chora nyumba."