Mto Tana ndani ya mita za Eastleigh

Nyaya nene zinazopita juu ya Barabara ya Juja, mpakani mwa Eastleigh na Mathare jijini Nairobi, zimetoka mbali. Kituo cha umeme kilichopo hapo ndicho kilichopokea stima ya Owen Falls, Jinja nchini Uganda, baada ya laini ya kilovolti 132 kupitia Tororo kujengwa katika miaka ya 1950. Laini nyingine ilifika hapo hapo kutoka Kindaruma, bwawa la kuzalisha umeme la Mto Tana lililoanza kazi mwaka 1968. Mfanyabiashara wa First Avenue, hata kama hajawahi kuuona mto huo, anafanya biashara juu ya mgongo wake.

Na biashara ya mtaa huu ina kiu ya stima. Tangu nyumba ya wageni ya Garissa Lodge igeuzwe maduka mapema miaka ya 1990, ghorofa zimejaa vibanda vya ndani ambavyo jua halivifikii, taa zikiwaka mchana kutwa. Mafundi wanashona kwa cherehani za umeme. Maziwa ya ngamia yanasafiri kwa basi kutoka Isiolo yakiwa yamepozwa, na akina mama wanaoyauza wanayaingiza kwenye friji mara yanapofika. Yakichacha, bei inaanguka. Jioni ndipo wateja wanapofurika, saa hizo hizo ambapo nchi nzima inawasha taa na kupika.

Hapo ndipo mto unapoonyesha thamani yake. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, unaotupa sehemu kubwa zaidi ya umeme wetu, hutoka kwa kiwango kile kile usiku na mchana. Upepo huvuma ukipenda. Bwawa, kwa upande wake, hufunguliwa na mitambo yake ikaongeza umeme kwa dakika chache. Mabwawa matano ya kampuni ya umeme ya KenGen kwenye Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yana uwezo wa karibu megawati 600, na maji yale yale huzungusha mitambo mara tano yakiteremka. Gitaru peke yake ni megawati 225. Masinga, lililokamilika mwaka 1981, lina megawati 40 tu, lakini ndilo ghala: likijaa hushika zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu. Likikauka, wenzake wanne walio chini yake wanalala njaa.

Ukame wa 1999 na 2000 ulitufunza hilo kwa uchungu. Wakati huo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitegemea maji. Mgao ukaanza, jenereta za dharura zikaletwa, na kelele na moshi wa dizeli vikazoeleka mijini. Siku hizi vyanzo ni vingi zaidi, ila hesabu haijabadilika: maji yakipungua, mitambo ya mafuta huitwa kuziba pengo, na gharama ya mafuta hayo humfikia mteja. Soma risiti ya tokeni hadi mwisho. Chini ya bei ya uniti kuna mstari wa gharama ya mafuta, kisha tozo ndogo ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Tozo hiyo ni ya senti tu, na ndiyo alama pekee ya mto kwenye karatasi ya duka. Mstari wa mafuta ndio unaouma.

Tangu Novemba 2022 kuna mto mwingine pia. Ethiopia ilianza kwa kutuuzia megawati 200 za umeme wa maji kupitia laini ya kilovolti 500 inayoanzia Sodo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 1,000. Eastleigh, iliyozoea bidhaa za njia ya Moyale, sasa inapata na stima ya huko. Ni nafuu, na naiunga mkono. Lakini tarehe 6 Septemba 2024, laini ya umeme wa upepo kutoka Loiyangalani ilipojikata pale Suswa, ile ya Ethiopia nayo ikafuata, na megawati 488 zikapotea, zaidi ya robo ya umeme uliokuwa ukitumika. Sehemu kubwa ya nchi ikaingia gizani.

Na umeme wa bahari? Bado. Ufaransa imekuwa ikivuna maji kupwa na maji kujaa pale La Rance tangu 1966, lakini huko maji hupanda mita 8 kwa wastani. Mombasa, hata wakati wa bamvua, ni takriban nusu yake.

Faida ya karibu iko milimani. Udongo unaotiririka kutoka mashamba na barabara za Murang'a na Nyeri huishia Masinga na kula nafasi ya maji. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambamo kampuni kubwa, KenGen ikiwemo, husaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi za nepia kando ya mito na kuvuna maji ya mvua. Bonde hilo la Tana ya Juu ndilo linaloipa Nairobi karibu maji yake yote ya bomba. Chama cha wafanyabiashara wa Eastleigh kimezoea kubisha hodi serikalini kwa habari ya ushuru, barabara na usalama. Udongo wa Murang'a unastahili kuingia kwenye orodha hiyo, na mchango wa maduka kwenye mfuko huo ujadiliwe kabla ya mvua za vuli.